Si Bandama

Ukitoka Shinyanga mjini kwa barabara ya Mwanza, hujakaa sana kwenye kiti unaona Maganzo na njia inayochepuka kwenda Mwadui. Kata ya Songwa iko pande hizo hizo, wilayani Kishapu, nchi ya mbuga nyeusi, pamba, dengu na ng'ombe. Bwawa la Songwa ndilo lililounywesha mgodi wa almasi miaka nenda rudi. Mwanamume asiyelima hapa anachekecha changarawe akitafuta jiwe lililowaponyoka wakubwa, au amekwenda Geita kwenye dhahabu na anatuma pesa kwa simu.

Mtoto nitakayemfuata katika sura hii si mtoto mmoja. Nimemuunga kwa vipande, kwa namna ugonjwa huu unavyozoea kuja katika ukanda wa ziwa, wala sitampa jina. Ana miaka saba. Baba yake yuko machimboni Geita na anakohoa. Kilichomshtua mama ni kamba ya bukta ya shule. Wiki ya kwanza fundo lilisogea kidogo, jambo la kawaida kwa mtoto anayekua. Wiki ya pili zilibaki ncha mbili za kushika kwa kucha. Wiki ya tatu kamba haikufungika kabisa, na miguu ya mtoto ilikuwa imekonda.

Bibi alisema ni bandama. Wala hakubahatisha. Malaria inayorudi rudi hukuza bandama mpaka ishuke chini ya mbavu za kushoto, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa watoto wapatao 8 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchi nzima. Kwa mkoa wa Shinyanga walikuwa kama 16. Kichocho nacho, kile cha tumbo kinachotamba kando ya Ziwa Victoria, huharibu ini na kuikuza bandama vile vile. Kwa hiyo tumbo kubwa katika nchi hii lina majina yake tayari, na ugonjwa mgeni ukija hupewa jina la mwenyeji. Mtoto akachanjwa chale ubavuni. Zahanati ikampa dawa ya malaria, kisha ya minyoo. Ningekuwa pale, nami pengine ningesema bandama.

Safari ya tatu wakaandikiwa kipimo cha ultrasaundi.

"Mayu, mlaze hapa. Mpandishe shati," anasema mpimaji, na kumpaka mtoto jeli ya baridi inayomfanya ajikunje. Anaanzia kushoto, kwa kuwa karatasi imeandikwa bandama. Bandama ipo, imekua kidogo tu, si ya kujaza tumbo lile. Anashuka chini zaidi, anapita kwenye kitovu, anavuka kulia, anarudi. Kisha anauliza swali ambalo mama hakulitegemea: "Anakojoa vizuri?"

Kuelewa kwa nini aliuliza hivyo, lazima kwanza tujue alichokuwa akitazama, na hapo ndipo ultrasaundi inapowachanganya wengi. Mashine ile haipigi picha kama kamera. Inatuma sauti ambayo sikio la mtu halisikii, kisha inasubiri mwangwi. Mwangwi huzaliwa penye mpaka: sauti inapotoka kwenye kitu cha aina moja na kukutana na cha aina nyingine, sehemu yake hurudi. Mkojo ndani ya kibofu hauna mipaka, hivyo sauti hupita moja kwa moja na kioo huonyesha weusi mtupu. Ini lina mirija, mishipa na mafuta kidogo, basi hurudisha mwangwi mwingi mdogo mdogo na kuonekana la kijivu. Sasa chukua gunia la choroko zilizopepetwa na kuchaguliwa, kila punje sawa na mwenzake, zimeshonana bila takataka katikati. Limfoma kali, saratani ya seli za kinga, iko hivyo. Seli zake ni za aina moja, ukubwa mmoja, zimebanana, na sauti hupita ndani yake ikikosa cha kugonga. Ni nyama, lakini kwenye kioo inakuwa nyeusi karibu kama maji. Mpimaji asiye na uzoefu anaweza kabisa kuandika "uvimbe wa maji" na kumrudisha mtoto nyumbani. Mwenye uzoefu huwasha ile sehemu ya mashine inayoonyesha damu kwa rangi nyekundu na bluu. Maji hayana mishipa ya damu ndani yake. Weusi huu ulikuwa nayo.

Wakati mwingine mimi huwaza kuhusu mwaka 1958, kwa sababu mambo matatu ya sura hii yanakutana ndani yake bila yenyewe kujuana. Januari ya mwaka huo John Williamson, mjiolojia wa Kanada aliyegundua almasi za Mwadui mwaka 1940, alifariki kwa saratani ya koo. Juni, daktari wa Glasgow aitwaye Ian Donald alichapisha katika jarida la Lancet namna ya kuchunguza uvimbe wa tumboni kwa mwangwi wa sauti. Kifaa alichoanzia kilikuwa cha kiwandani, cha kutafuta nyufa ndani ya chuma. Na mwaka huo huo Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, mtu wa Ireland mwenye jicho moja, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Miaka ingepita mingi kabla ya kifaa cha Glasgow kufika kwenye matumbo ya watoto wa Burkitt.

Burkitt mwenyewe alifanya kazi kwa macho na vidole. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini Mulago kumwona mtoto wa miaka mitano ambaye taya zake, juu na chini, kulia na kushoto, zote zilikuwa zimevimba. Hakuelewa. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akachungulia dirishani, akamwona mtoto amekaa na mama yake nje, uso umevimba vile vile. Akatoka kumtazama. Alipomlaza na kumpapasa akakuta kitu ambacho kwa sura hii kina uzito kuliko taya: tumboni pia kulikuwa na uvimbe. Akaanza kufukua mafaili ya hospitali. Humo watoto walikuwa wameandikiwa saratani mbalimbali, huyu ya taya, yule ya figo, binti yule ya mifuko ya mayai, mwingine ya ini, kana kwamba kila mmoja aliugua chake. Waliokufa na kupasuliwa walikuwa na uvimbe mahali kadhaa kwa pamoja. Burkitt akasema huu ni ugonjwa mmoja wenye vyumba vingi. Wataalamu wa maabara wa Kampala, Jack Davies na Gregory O'Conor, ndio waliothibitisha kwa darubini kwamba chumba chochote utakachofungua, mkazi ni yule yule: limfoma.

Taya ndiyo iliyoupa ugonjwa sura, kwa maana halisi. Picha za vitabuni zote ni za nyuso. Matokeo yake watu wengi, wahudumu wa afya wakiwemo, wanausubiri usoni, na mtoto mwenye tumbo peke yake anapita mlangoni bila kutambuliwa. Tena taya huwapata zaidi watoto wadogo. Kadiri mtoto anavyokaribia miaka kumi, ndivyo tumbo linavyochukua nafasi.

Oktoba 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari lililokwishatumika na kuondoka Kampala. Walikwenda kama maili 10,000 kwa wiki kumi, wakapita Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha mkononi: mnawaona watoto hawa? Tanganyika ilipata uhuru wao wakiwa bado njiani. Walichopata kilikuwa ramani. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikoma ukipanda juu ya mita kama 1,500. Haukuonekana palipo na baridi, wala penye mvua isiyofika milimita 500 kwa mwaka. Hiyo ilikuwa karibu ramani ya mbu. Songwa haifiki mita 1,300 juu ya bahari, na mvua ya Shinyanga, ingawa wenyeji huilalamikia kila mwaka, inavuka 500. Iko ndani ya mstari, upande wa pembeni.

Tangu hapo tumejua mengi, nami nitayapita haraka. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti mmoja aliyekaa akimsikiliza, Anthony Epstein, akaomba vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake Achong na Barr wakatangaza virusi ambavyo leo vina majina ya wawili kati yao. Virusi hivyo karibu sote tunavyo. Malaria inayomrudia mtoto tangu uchanga ndiyo inayochochea seli zilizobeba virusi zizaliane ovyo, hadi siku moja kipande cha kromosomu kinakatika na kuungwa pasipo pake. Kaskazini mwa Mara, kati ya 1977 na 1982, watoto waligawiwa klorokwini kuona kama limfoma itapungua. Ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya vidonge, na klorokwini yenyewe ikaanza kushindwa na vimelea, hivyo jibu likabaki nusu.

Turudi kitandani, mpimaji hajamaliza.

Limfoma ina adabu ya ajabu ndani ya tumbo, na adabu hiyo ndiyo inayoifichua. Saratani nyingi zikikua hukaza, huvuta na kuziba. Hii ni laini. Inazunguka mshipa mkubwa wa damu pande zote, na mshipa unaendelea kupitisha damu katikati kama mto kati ya vichuguu viwili. Ukiona kwenye kioo matezi yamejipanga huku na huku ya mishipa ya utumbo, na mishipa haijasongwa, moyo unaanza kudunda. Ikiingia kwenye ukuta wa utumbo, ukuta unakuwa mnene na mweusi kama tairi, lakini njia ya chakula mara nyingi haizibi. Wakati mwingine hupanuka. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa na uvimbe mkubwa kuliko kichwa chake na bado anakula ugali na kwenda haja. Anayekuja na utumbo ulioziba kwa kujimeza wenyewe, kipande ndani ya kipande, ana bahati mbaya yenye heri, maana huwahishwa.

Figo ndizo alizoulizia mpimaji. Kwa watoto hawa mara nyingi huvimba zote mbili, zimejaa madoa meusi kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, au zimekuwa kubwa na za rangi moja pasipo doa lolote. Kwa mabinti, mifuko ya mayai huvimba yote miwili, kila mmoja ukubwa wa embe, na ninajua wasomaji watakaokunja uso wakikumbuka binti wa jirani aliyesemwa ana mimba. Saratani ya figo ya utotoni ni jambo jingine: kwa kawaida hukaa figo moja na kuisukuma kando. Wingi wa sehemu ndiyo alama ya limfoma, vile vile Burkitt alivyoiona kwenye mafaili.

Na kuna namna isiyo ya kawaida, ambayo hata wataalamu wa mionzi huisoma mara mbili. Tumbo limezungushiwa utando mwembamba ndani, na mbele ya utumbo hutanda shuka la mafuta ambalo mchinja mbuzi yeyote analijua kwa kulishika. Utando huo si nyumba ya matezi. Limfoma haina sababu ya kupanga humo. Lakini mara nyingine huenda. Utando unanenepa sawasawa, shuka la mafuta linakuwa bamba zito, na tumbo linajaa maji. Kwa mtu mzima, picha hiyo humpeleka daktari kwenye saratani ya tumbo au ya mifuko ya mayai iliyokwisha kusambaa, na mgonjwa huweza kuambiwa arudi nyumbani kupumzika. Limfoma yenye sura hiyo hiyo inatibika. Tofauti kwenye picha ni ndogo: unene ulio laini na wa usawa badala ya vinundu, matezi makubwa yanayoandamana nao, bandama au utumbo ulioguswa pia. Watu wazima wenye VVU ndio wanaopata zaidi limfoma za namna hii za kujificha.

Katika nchi ya migodi, hata hivyo, kinachoiigiza limfoma zaidi ni kifua kikuu. Vumbi la mwamba huharibu mapafu, makambi ya wachimbaji hubananisha watu, na mdudu wa TB hurudi nyumbani pamoja na pesa za likizo. TB ya tumbo nayo hunenepesha utando, hujaza maji, huvimbisha matezi, humkondesha mtoto na kumpa homa za jioni. Kumbuka baba wa mtoto wetu anakohoa. Daktari mwenye akili timamu atasema TB. Kuna vidokezo: matezi ya TB mara nyingi huoza katikati, na kwenye siti skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa huonekana kama pete, ukingo umewaka na kati kuna giza, ilhali limfoma ambayo haijatibiwa huwa ya rangi moja kote. Maji ya TB huwa na nyuzi nyuzi. Ila vidokezo hivi vinakosea, na kosa lina bei. Matibabu ya TB ni miezi sita, na daktari huweza kusubiri wiki kadhaa aone kama mtoto anapata nafuu. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua kwa kasi kuliko zote. Seli zake huongezeka maradufu kwa siku moja hadi mbili. Kamba ya bukta ilikuwa imelisema hilo kabla ya mashine.

Hapa nitasema ninaloliamini, wengine wapinge. Katika ukanda huu tunaitaka picha itupe jina la ugonjwa, na picha haina jina hilo. Inachoweza kutupa ni mambo mawili: sindano iingie wapi, na tuna siku ngapi. Ripoti nyingi nilizosoma hazitoi hata moja. Zimeandikwa Kiingereza cha kunakili, zinataja ini, bandama, figo kwa zamu kama mwalimu anayeita majina, na zinaishia na ushauri kwamba daktari alinganishe na hali ya mgonjwa. Ripoti ya maana kwa mtoto wa Songwa ingekuwa na mistari minne: weusi wenye damu ndani uko hapa na hapa, figo zote mbili zimeguswa, kuna maji upande wa kulia yanayofikika kwa sindano, mpeleke leo. Mashine za siti skani, ambazo zamani ungezitafuta miji mikubwa tu, sasa zimefika katika hospitali za rufaa za mikoa, na ni jambo jema, hasa kwa mtu mzima mnene ambaye hewa ya utumbo inazuia sauti. Lakini mtoto mwembamba hahitaji kuisubiri. Ultrasaundi ile ile inayopima wajawazito inatosha.

Maji ya tumbo ni zawadi. Badala ya kupasua, sindano inachota chupa ndogo, maabara inayazungusha, inapaka kioo, inatia rangi. Kama si maji, sindano nyembamba inaelekezwa kwenye weusi huku mpimaji akiitazama ikiingia. Chini ya darubini seli huonekana za duara, kingo zake bluu iliyokolea, zimetobolewa vijitundu vyeupe vya mafuta. Jibu linaweza kutoka siku hiyo hiyo.

Kwa mtu wa Songwa, maabara hiyo na wodi ya saratani ya watoto zinamaanisha Bugando, hospitali iliyo juu ya kilima Mwanza tangu 1971, kama kilomita 140 kwa basi. Nauli si tatizo kubwa kama wiki za kukaa. Mama anaacha shamba wakati wa palizi, anaacha watoto wengine kwa bibi, na kila duru ya dawa inamtaka arudi. Wengi wasiorudi hawakukata tamaa. Waliona mtoto amepona.

Maana dawa zinafanya kazi kwa namna ya kutisha. Burkitt, mpasuaji, ndiye aliyeweka kisu chini: mwanzoni mwa miaka ya 1960 alijaribu dawa, sayklofosfamidi ikiwemo, kwa dozi chache tu maana hakuwa na maabara ya kufuatilia zaidi, na akaona uvimbe ukiyeyuka kwa siku. Wengine hawakurudiwa tena na ugonjwa. Leo katika nchi tajiri zaidi ya watoto 90 kati ya 100 wanapona. Kwetu ni nusu, na mara nyingi pungufu. Hapo swali la mkojo linarudi. Seli zikifa kwa mamilioni usiku mmoja humwaga ndani ya damu potasiamu na asidi ya yuriki, na figo zilizokwisha kujaa limfoma zinashindwa kuzitoa. Mtoto anaweza kuuawa na uponaji wake. Kwa hiyo kabla ya dozi ya kwanza anawekewa dripu ya maji mengi, anapewa dawa ya alopurinoli, na kila tone la mkojo wake linapimwa kwenye kikombe. Picha ya figo iliyopigwa Shinyanga ndiyo inayowaambia wauguzi wa Mwanza waogope kiasi gani.

Siku ya nane baada ya dozi ya kwanza wanampima tena mtoto wetu. Mpimaji wa safari hii ni mwingine, kijana, anahesabu kwa sauti akiburuta mstari juu ya kioo: kilichokuwa sentimita kumi na mbili ni nne. Figo zimerudi karibu na ukubwa wake. Mama ameinamia kioo, haoni chochote isipokuwa mvua ya kijivu. Anamfuta mtoto jeli, anamvalisha bukta, anavuta kamba na kupiga fundo, kisha anashika zile ncha mbili ndefu zilizobaki akizipima kwa vidole.

"Duru ya pili ni tarehe ngapi?" anauliza.